Mrejesho: Kuponi za chakula zilizolipiwa kabla

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwashauri wenye hoteli ya bustani ya burudani ambako familia yetu ya watu 4 ilinunua mpango wa mlo wa siku 5, kisha kuponi 7 za milo ambazo hatukuwa tumezitumia zikafutika saa sita usiku siku ya kuondoka. Nawashukuru kwa dhati, na ninaleta matokeo.

Nilifuata ushauri wa kuandika barua badala ya kubishana mapokezini. Nilieleza kwamba mgahawa wa kuhudumiwa mezani ulitaka nafasi iwekwe wiki kadhaa kabla, jambo ambalo hatukuelezwa tulipolipa, na kwamba siku ya nne binti yangu alisimama mbele ya mhudumu, njaa imembana, amenyoosha mkono wenye bangili ya malipo (ya kielektroniki, inayobeba kuponi), tukaambiwa meza zimejaa ilhali kuponi tunazo. Kuuza mlo bila kuhakikisha meza, kwa maoni yangu, si haki. Niliomba kuponi ya mezani iweze kubadilishwa kwa chakula cha haraka, salio la kuponi lionekane kwenye kila risiti, na bakshishi, ambayo haikuwemo kwenye mpango, itajwe wazi kabla mgeni hajalipa.

Menejimenti imekubali suala la salio na la bakshishi, tena imeturudishia thamani ya kuponi 3. Ubadilishaji wa kuponi bado wanaujadili. Jana nimewaandikia tena kuhusu hilo, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi familia zenye watoto wadogo.