Siku moja Wexford na kamera: Hook, Tintern au kisiwa cha Saltee?

Mtoto_wa_Kilwa
Wakuu, habari zenu. Niko Dublin kimasomo, na Juni hii nimepata gari la kuazima kwa siku moja tu. Nataka kushuka kaunti ya Wexford, kusini-mashariki mwa Ireland, nikapige picha. Nimezaliwa Kilwa, kwa hiyo kuta za kale kando ya bahari ndizo zinazonivuta. Nimebakiza sehemu tatu: mnara wa taa wa Hook, Abasia ya Tintern (magofu ya monasteri ya kale) na kisiwa cha Great Saltee. Mngekuwa ninyi mngekwenda wapi?

Lenzi_Pana
Hook, wala usisite. Mnara ule una miaka kama 800, ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 13 na William Marshal, bwana mkubwa aliyetawala eneo hilo, na hadi leo taa yake inaongoza meli. Wageni wengi wanasimama kwenye maegesho, wanaupiga mzima na mistari yake myeusi na myeupe, kisha wanaondoka. Wewe shuka kwenye miamba. Ni mawe ya chokaa yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na ukichuchumaa unaona visukuku vya viumbe vya baharini humo humo kwenye jiwe. Weka kamera chini, usawa wa goti, uache zile tabaka zipeleke jicho hadi mnarani. Ila bahari usiipe mgongo kabisa. Mawimbi ya pale hayapigi hodi, na jiwe jeusi lililolowa linateleza vibaya sana.

Bi_Mwanga
Mimi napingana naye kidogo. Kwako wewe mpenda magofu, Tintern ndiyo yenyewe. Inasimuliwa kwamba Marshal huyo huyo alikumbwa na dhoruba baharini, akaweka nadhiri kuwa akifika nchi kavu salama atajenga abasia. Akawaleta wamonaki kutoka Tintern ya Wales. Enzi za Henry VIII, mfalme wa Uingereza, abasia ilifungwa, na baadaye familia ya Colclough ikaigeuza makazi kwa karne kadhaa. Tazama matao ya kanisa yalivyozibwa kwa ukuta, halafu katikati yake pametobolewa madirisha ya nyumba ya kuishi. Mimi nilipiga hayo tu asubuhi nzima. Na wingu likitanda usisikitike, jiwe la kijivu linataka mwanga mpole.

Ndege_wa_Pwani
Saltee naipenda kuliko zote mbili, lakini kwa siku moja sikushauri. Boti inatoka Kilmore Quay, na kisiwani hakuna gati: unahamishiwa kwenye kiboti cha mpira ndipo ushuke. Bahari ikichafuka hakuna safari. Mimi nilirudishwa mara mbili. Tena kisiwa ni mali ya familia, wageni wanaruhusiwa mchana tu, kwa hiyo mwanga wa machweo utaukosa. Pafini, wale ndege wa baharini wenye mdomo wa rangi, wanapatikana kuanzia Aprili hadi Julai hivi. Siku ukipata nafasi ya kutosha, nenda.

Mtoto_wa_Kilwa
Ahsanteni. Je, Tintern na Hook zinaunganika kwa siku moja?

Lenzi_Pana
Vizuri tu, ni kama nusu saa kwa gari. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, muda unao. Asubuhi Tintern, jioni Hook. Kabla hujafika mnarani kata kushoto uingie Slade, bandari ndogo yenye ngome ya kale.

Mtoto_wa_Kilwa
Nimerudi jana, wakuu. Tintern nilikaa saa tatu, na Bi_Mwanga kasema kweli kuhusu madirisha yale. Hook nilipata machweo ya rangi ya embe bivu. Lakini Slade ndiko kulikonishika. Mitego ya kambakoche imerundikwa ukingoni mwa gati kama madema ya nyumbani, kamba zake bado zinachuruzika maji, na nyuma yake ngome imesimama. Nilipiga picha moja tu pale, nikakaa chini.