Shule na chuo cha ufundi ni ukuta mmoja, mwanangu anajifunza kuchomelea kwenye daftari

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu likizo ya Juni, leo limenifika shingoni.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu, mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, fani ya uchomeleaji. Ni lile kundi la kwanza lililoanza Januari 2024, tulipoitwa kikao cha wazazi tukaambiwa watoto watatoka na vyeti viwili, cha NECTA, wale wa mitihani ya taifa, na cha NACTVET, wale wa ufundi. Tukapiga makofi. Mimi nilisimama kabisa.

Jumapili nimefungua daftari lake la vitendo. La VITENDO, wakuu. Kuna mashine ya kuchomelea imechorwa kwa penseli, vizuri mno, na vishale: "waya wa ethi", "kishikio". Nikamuuliza, hii umeishika mara ngapi? "Baba, hata mara moja. Mwalimu alituonyesha, tukiwa tunapanga foleni umeme ukakatika."

Kinachoniuma ni kwamba nyuma ya shule kuna chuo cha ufundi. Watoto wakiwa wananakili notisi wanasikia grainda za wenzao zinavyolia upande wa pili. Karakana ina mashine, ina walimu, na Jumamosi inapigwa kufuli.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Kwa upole kabisa: mzazi wangu, barua ya kuomba watoto watumie karakana nimeandika, chuo hakijajibu. Nikazunguka ukuta, dakika sita kwa mguu. Chuoni wanasema barua ilifika ila haina muhuri wa halmashauri, halafu rodi za kuchomelea na umeme atalipa nani, na mtoto akiungua anajibu nani? Halmashauri wakanirudisha shuleni. Shule iko TAMISEMI, chuo kiko Wizara ya Elimu, mwanangu yuko katikati anachora vishale.

Hoja wanazo, sikatai. Hilo la kuungua hata mimi linanitisha. Lakini mwaka wa tatu huu hamjakaa meza moja mkaandika karatasi ya ukurasa mmoja? Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara, sisi tunakwama kwenye bei ya rodi! Mngesema tu, tungechanga. Michango ya mahafali mbona mnajua kuidai.

Likizo nikampeleka kwa fundi mageti hapa mtaani. Wiki tatu, kijana kamtengenezea bibi yake kiti cha chuma. Ndicho nilichokalia nikiandika hapa. Mguu mmoja umepinda kidogo, ila kinabeba kilo zangu 90. Nikaomba shule wazihesabu wiki hizo kama mafunzo kwa vitendo. Jibu: fundi hana cheti. Haya, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, si ndio wanawapima mafundi wa aina hiyo hiyo, waliojifunzia kazini, wakawapa cheti kwa ujuzi walionao? Kwa nini shule isimwelekeze fundi huko ikapata mwalimu wa bure? Hapo sijajibiwa mpaka leo, nimeambiwa niandike barua.

Wenye watoto amali mikoa mingine, kwenu shule na chuo wameelewana kwa karatasi gani? Mwenye nakala ya makubaliano aitupie hapa, afute majina. Jumatatu nachapa nakala mbili, nazungusha mwenyewe pande zote za ukuta.