Choo kigumu kwa mjamzito

Swali: Habari wakuu. Mke wangu ana mimba ya miezi 5, na tangu aanze vidonge vya madini ya chuma anapata choo kigumu. Chakula chetu ni ugali wa sembe. Je, aviache?

Jibu: Asiviache, bali amweleze mkunga, kwa kuwa vidonge hivyo hufunga choo na homoni za ujauzito nazo hupunguza mwendo wa utumbo. Hamieni dona, maana pumba za mahindi ndizo zenye nyuzinyuzi, ila anywe maji ya kutosha.

Jibu: Asibane haja inapomjia baada ya kifungua kinywa, kwani choo kikichelewa utumbo hukinyonya maji kikazidi kukauka.

Jibu: Akiona damu, awahi kituo cha afya.