Nathari ya kishairi katika fantasia ya mjini: inamjenga msomaji kijana au inampoteza?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, nauleta mbele yenu mjadala ambao walimu wa fasihi, wakutubi na wazazi wamekuwa wakivutana juu yake bila kufikia mwafaka. Je, riwaya za fantasia za mjini zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, hasa zile ambazo nathari yake, yaani lugha yake ya masimulizi isiyo ya beti, inakaribia ushairi, zipewe nafasi darasani kama usomaji wa dhati, au ziachwe kuwa burudani ya mapumziko? Wanaozikataa wana hoja mbili ambazo hazipatani: wengine husema ni nyepesi mno, na wengine husema lugha yake ni nzito mno, inamchosha kijana anayetaka tu kujua nini kitafuata. Mimi nashikilia kwamba zisomwe darasani, na sababu yangu kuu ni hiyo hiyo lugha.

Kwa asiyeufahamu utanzu huu, fantasia ya mjini ni hadithi ambayo uchawi haukai katika ufalme wa kubuni wenye ramani yake, bali katika mji kama tunaoujua, wenye treni za chini ya ardhi, majengo ya ghorofa na taa za barabarani. Ulijipatia jina na wasomaji wake huko Marekani na Kanada katika miaka ya 1980, kisha baada ya mwaka 2000 ukaenea sana katika rafu za vijana, yaani wasomaji ambao wakutubi wa Marekani huwahesabu kuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 18.

Mwaka 1973 Ursula K. Le Guin, mwandishi wa fantasia wa Marekani, alitoa insha kuhusu mtindo katika fantasia. Alichukua kipande cha mazungumzo kutoka riwaya moja ya falme za kubuni, akabadilisha maneno machache tu, na kipande kile kikageuka kuwa mazungumzo ya wanasiasa wa Washington. Hoja yake ilikuwa kwamba katika fantasia hakuna nchi inayomngoja mwandishi; kila kitu hujengwa kwa maneno, na kwa hiyo mtindo si pambo la hadithi bali ndio hadithi yenyewe. Mtu anaweza kudai kwamba fantasia ya mjini haibanwi na hoja hiyo, kwa kuwa mji upo tayari na msomaji anaujua. Mimi naona inabanwa zaidi. Pale ambapo mtaa wa kawaida na mtaa wa kichawi ni mtaa mmoja, mpaka kati yao hauwezi kuonekana popote isipokuwa ndani ya sentensi.

Chukueni sentensi ninayoitunga hapa: "Taa za daraja zilihesabu majina ya waliozama." Katika riwaya ya kihalisia, msomaji hujua papo hapo kwamba hiyo ni tashihisi, yaani kitu kimepewa tabia ya mtu: taa hazihesabu, inayosema ni hofu ya mhusika. Katika fantasia ya mjini msomaji hana uhakika huo. Huenda ni lugha ya picha, na huenda ni habari: taa zinahesabu kweli, na sura kadhaa mbele zitalitaja jina la ndugu yake mhusika. Kijana analazimika kuzishika maana zote mbili kwa pamoja, kusubiri, kutafuta ushahidi, na kurudi kurasa za nyuma pale anapogundua kwamba alichokidhania kuwa mapambo kilikuwa tukio. Sijaona zoezi la darasani linalomfundisha mwanafunzi kazi ya lugha ya picha kwa undani kama huo, na analifanya kwa hiari kwa sababu anataka kujua kisa.

Ndiyo maana hukumu ya wepesi hainiridhishi. Mara nyingi inatokana na vipimo vya ugumu wa matini kama fomula ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, au ile iliyotokana nayo mwaka 1975 kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, ambazo huhesabu urefu wa sentensi na silabi za maneno. Sentensi fupi yenye maneno ya kila siku hupita hapo kama sentensi rahisi, hata kama inabeba maana mbili ambazo msomaji aliye mtu mzima anaweza kuzikosa.

Sisemi kwamba kila nathari iliyopambwa ni njema. Mwandishi anapojaza tashbihi tatu katika kila aya, msomaji huacha kuuliza lipi ni kweli na lipi ni picha, na hapo uchawi wenyewe hufifia kwa sababu kila kitu kimeng'aa kwa kiasi kimoja. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa tukitumie kuchagua vitabu: je, urembo wa lugha unamsaidia msomaji kuuona mpaka, au unaufuta?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada ametueleza vizuri habari za taa na madaraja, lakini amekaa kimya kuhusu mapenzi, ambayo yanachukua nusu ya riwaya nyingi za utanzu huu. Kisa tunakijua: kiumbe asiyekufa, aliyeishi karne kadhaa, anampenda msichana wa miaka 16 au 17. Anamfuata bila yeye kujua, anaingia chumbani mwake usiku akamtazama akiwa amelala, anaamua ni nani aonane naye na nani aepukane naye, na yote hayo husimuliwa kwa lugha ya mbalamwezi na mapigo ya moyo. Kama mambo hayo yangeandikwa kwa nathari kavu, msichana anayesoma angeyatambua kuwa ni ubabe. Urembo wa sentensi ndio unaomnyima nafasi ya kuyatambua. Sitaki vitabu hivyo vipigwe marufuku, ila kuviingiza katika orodha ya darasa ni kuvipa heshima ambayo mwanafunzi ataielewa kama idhini.

Mchangiaji wa pili

Wasiwasi wangu ni mwingine. Mwaka 1992 mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac, aliorodhesha haki kumi za msomaji, zikiwemo haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Kijana anayesoma kwa shida anazihitaji haki hizo kuliko mtu mwingine yeyote, hasa mbele ya kurasa zilizosheheni taswira, na darasa huzifuta zote siku ile ile mtihani unapotajwa. Viacheni vitabu hivi nje ya darasa, msije mkaua raha iliyowafanya vijana wavishike.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili. Nianze na hoja ya mapenzi, kwa kuwa ndiyo nzito zaidi, na ukweli wake siupingi hata kidogo. Kisa hicho kipo, kimerudiwa mara nyingi, na ni kweli kwamba lugha nzuri hukipitisha mahali ambapo lugha kavu isingekipitisha. Ninapotofautiana na mchangiaji ni katika dawa. Vijana wanavisoma vitabu hivyo hata sasa, wakiwa peke yao, bila mtu wa kuwauliza lolote. Darasani mwalimu anaweza kutumia njia ile ile ya Le Guin ya kubadilisha maneno: awape wanafunzi ukurasa mmoja, awaombe waondoe tashbihi na sitiari zote, kisha waandike kilichobaki. Kitakachobaki ni "Aliingia chumbani kwake usiku bila idhini yake." Mwanafunzi akishaiandika sentensi hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hahitaji mahubiri, ameshaona jinsi uzuri wa maneno unavyoweza kutumiwa kuficha kitendo, na atayaona hayo pia katika hotuba na matangazo ya biashara. Kuhusu hofu kwamba orodha ya darasa itaeleweka kama idhini, naamini mwanafunzi huelewa haraka kwamba kitabu kinachohojiwa hivyo hakijasifiwa.

Kwa mchangiaji wa pili, nakubali kwamba maswali ya "taja tamathali tano za semi" yanaua kitabu chochote. Lakini katika orodha hiyo hiyo ya Pennac imo haki ya kusoma kwa sauti, na hiyo ndiyo ningeanza nayo. Nathari ya aina hii imetungwa kwa kutegemea mapigo na takriri, na kijana anayekwama akiisoma kimya mara nyingi huipata maana anaposikia mwenzake akiisoma vizuri. Kurasa mbili kwa kipindi zinatosha, na swali moja: jambo hili ni kweli ndani ya hadithi, au ni hisia ya msimulizi tu, na umejuaje? Anayetaka kuruka sura nzima akiwa nyumbani na aruke.

Jambo ambalo mchangiaji wa kwanza amenifanya nilione kuwa bado halijatatuliwa ni umri. Rafu ya miaka 12 hadi 18 ni pana mno kwa visa vya mapenzi ya aina aliyoieleza, na zoezi la kuondoa sitiari linahitaji msomaji ambaye tayari anaweza kuzungumza bila haya kuhusu idhini na ubabe. Mimi ningependekeza visa hivyo vingoje hadi miaka 15, na wadogo wapewe riwaya za utanzu huu zinazohusu urafiki, ndugu waliopotea na mji wenye siri. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaofundisha rika hilo kama mpaka huo unafaa au nimeuweka mbali mno.