Kuuza kiwanja ili mtoto akafundishe Kiingereza Thailand: tunajua tunachokinunua?

Wakuu, habari za wikiendi. Naomba tulijadili hili bila jazba.

Hapa Tabora, na naambiwa Kigoma ni hivyo hivyo, vijana wenye shahada za ualimu wanaambiwa kuwa njia ya kutoka kimaisha ni kwenda Asia kufundisha Kiingereza. Wazazi wanauza viwanja, wanakopa VICOBA, wengine wanajiingiza kwenye kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza, ili kumlipa wakala. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kazi hiyo imeshuka sana hata kwa Wamarekani na Waingereza waliokuwa wakiifaidi, na sisi ndio kwanza tunapanga foleni wakati wao wanaondoka. Mzazi asiuze kitu kwa ajili yake.

Siwalaumu vijana hata kidogo. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa manispaa, na nawaona waliomaliza vyuo nyuma yangu. Wanajitolea shule za kata kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, inayokuja mwezi huu na mwezi ujao haiji. Kila tangazo la Ajira Portal wanaomba. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha tangazo la dola elfu moja kwa mwezi, lazima atalisoma mara mbili.

Tuanze na Japani, maana hesabu zake ziko wazi. Serikali ya huko ilianzisha mpango wa JET mwaka 1987, wa kuchukua vijana wa nje wakasaidie kufundisha Kiingereza mashuleni. Kwa miaka mingi kijana alipata yeni 3,600,000 kwa mwaka mkononi. Mwaka 2012 wakashusha: anayeanza apewe 3,360,000, tena kabla ya kodi. Nyongeza ya maana imekuja 2025, ikafika 4,020,000. Sasa angalia na thamani ya yeni yenyewe. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yeni 80. Julai 2024 ikavuka 160. Wa 3,360,000 angebadilisha 2012 angepata kama dola 42,000. Kwa kiwango cha Julai 2024 zinabaki 21,000. Karatasi ya mshahara ni ileile, nusu ya fedha haipo. Na hapo tunazungumzia mpango wa serikali. Upande wa shule binafsi, kampuni kubwa kuliko zote, NOVA, ilianguka Oktoba 2007 ikaacha maelfu ya walimu wa kigeni hawajalipwa.

Korea Kusini ndiyo inayotajwa sana na mawakala. Viza ya mwalimu wa Kiingereza kule, E-2, kwa kawaida wanapewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo. Kiingereza chako kinaweza kumzidi kijana wa Manchester, lakini wanachoangalia ni pasipoti. Na hao wenye pasipoti nao wanalia, kwa sababu watoto wenyewe wanapungua: mwaka 2023 uzazi wa Korea ulishuka hadi wastani wa mtoto 0.72 kwa kila mwanamke. Shule zinafungwa kwa kukosa wanafunzi. Mshahara utapanda kwa lipi?

China ndiyo ilikuwa tumaini la wengi. VIPKid, kampuni ya Beijing ya kufundisha watoto Kiingereza mtandaoni, ilikuwa ikilipa walimu wa Marekani na Kanada kama dola 14 hadi 22 kwa saa, mtu akiwa nyumbani kwake. Julai 2021 serikali ya China ikapiga marufuku tuisheni za faida kwa masomo ya shule, na ikakataza kampuni kutumia walimu walioko nje ya nchi. Waliokuwa wanaishi kwa kipato hicho wakakatikiwa, wakahamia majukwaa mengine ya kufundishia mtandaoni wakiwa wengi kwa pamoja. Unajua bei inakwenda wapi wauzaji wakijaa. Cambly inalipa senti 17 za dola kwa dakika, yaani dola 10.20 kwa saa, na imekaa palepale miaka nenda rudi wakati kila kitu kimepanda. Preply inachukua malipo yote ya kipindi cha kwanza cha kila mwanafunzi mpya, na baada ya hapo inakata asilimia 33 kwa mwalimu anayeanza, ikishuka taratibu hadi 18. Ongeza sasa programu za akili unde ambazo mtoto wa Seoul anazungumza nazo usiku kucha bila kumlipa mtu.

Thailand ndiko wanakopelekwa watu wetu. Kiwango kinachotajwa ni baht 30,000 kwa mwezi, na kimekuwa kikitajwa hivyo hivyo kwa takriban miaka ishirini. Asiyetoka nchi za Kiingereza mara nyingi anapewa pungufu ya hapo, kwa sababu Wafilipino ni wengi, wana uzoefu, na wako karibu.

Nieleze nilichokiona kwa macho. Kijana niliyemfundisha kidato cha nne alikuja na mkataba aliopewa na wakala. "Shikamoo mwalimu, naomba unisomee, Kiingereza cha kisheria kinanisumbua." Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza umeandikwa baht 25,000 kwa herufi nzito. Ukurasa wa pili, maandishi madogo: malipo ni miezi kumi, likizo hazilipwi, nyumba juu ya mwalimu, gharama ya kibali cha kazi itakatwa kwenye mishahara ya mwanzo, ukiondoka kabla ya muda unadaiwa. Jina la shule halimo popote. Na wakala alimwambia aingie kwa viza ya kitalii, "mengine tutamalizia kule". Kufanya kazi Thailand kwa viza ya kitalii ni kosa. Ada ya wakala ilikuwa shilingi milioni nne na nusu, tiketi haimo.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni, hasa mnaonipinga.

MCHANGIAJI, KIGOMA MWANGA:
Mwalimu, nakuheshimu, ila unaongea ukiwa na check number, yaani umeajiriwa na serikali. Baht 25,000 ukizidisha kwa shilingi 75 ni karibu milioni moja na laki tisa. Mwalimu wa shahada hapa kabla ya nyongeza za 2022 alikuwa anaanzia 716,000 kabla ya makato. Na asiye na ajira anapata sifuri. Kushuka kwa mishahara ya Wamarekani mimi kunanihusu nini? Mmarekani analinganisha na kwao, mimi nalinganisha na kijiwe cha hapa stesheni. Dada yangu yuko Vietnam, ameezeka nyumba ya mama Ujiji na anasomesha wadogo zetu wawili. Usiwakatishe watu tamaa.

MCHANGIAJI, NZEGA:
Nakazia hapo juu. Vijana waende. Hata Wachina na Wahindi walikuja huku wakiwa hawana kitu.

MZAZI, URAMBO:
Habari zenu wanangu. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Mtoto wangu ana shahada ya ualimu, Kiingereza na Historia, yuko nyumbani muda mrefu. Ameniambia nikilipwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika, nimpe akamlipe mtu wa kumpeleka. Nikisoma anayosema mwalimu naogopa, nikisoma ya huyu wa Kigoma natamani. Nifanyeje?

MCHANGIAJI, TABORA MJINI:
Mbona hakuna anayesema Kiswahili? UNESCO wametupa siku yetu, tarehe 7 Julai, tangu 2021. Umoja wa Afrika umekifanya lugha ya kazi 2022. Afrika Kusini walisema watakifundisha mashuleni. Tunahangaika kuuza lugha ya watu wakati yetu ipo.

MLETA MADA:
Nashukuru. Naanza na ndugu yangu wa Mwanga, maana hoja yake ndiyo nzito.

Hesabu yako ya kuzidisha ni sahihi, nami sina haki ya kumwambia mtu mwenye sifuri kwamba milioni moja na laki tisa ni ndogo. Dada yako hongera zake, na naamini ameingia kwa kibali halali. Lakini zidisha kwa miezi kumi badala ya kumi na miwili: ni kama milioni 19 kwa mwaka. Toa milioni nne na nusu za wakala, toa tiketi, toa kodi ya nyumba na amana yake, toa chakula, toa miezi miwili ya kula bila kulipwa. Mwaka wa kwanza unaisha kijana akiwa amerudisha fedha ya kiwanja, basi, ikiwa kila kitu kimekwenda sawa. Faida ingeanza mwaka wa pili, na mkataba ni wa mwaka mmoja.

Ndiyo maana kushuka kwa Wamarekani kunakuhusu. Mwalimu wa Texas aliyekimbia VIPKid anaomba kazi hizohizo unazoomba wewe, na shule ikipewa kuchagua itachukua pasipoti yake kwanza. Wewe utapewa iliyobaki, kwa bei iliyobaki. Dada yako alipata nafasi. Nasi tunapanga maisha ya mamia ya vijana kwa kumwangalia yeye.

Na kuna jambo sikulisema mwanzo. Februari 2025 watu zaidi ya 7,000 walitolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni upande wa Myawaddy, Myanmar, ng'ambo tu ya mpaka wa Thailand. Waafrika walikuwemo, na wengi waliahidiwa kazi halali Thailand. Viza ya kitalii, mkataba usio na jina la shule, "mengine tutamalizia kule": huo ndio mlango wao. Hili la vijana kutoweka linanikosesha usingizi kuliko la mishahara.

Ndugu wa Kiswahili, nakuunga mkono kwa moyo, lakini tusije tukawauzia vijana ndoto nyingine. Maazimio yapo, nafasi zenye mshahara bado ni chache. Mojawapo ni FLTA ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, ambao umekuwa ukipeleka walimu vijana vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili, unawataka hasa walimu wa Kiingereza, na kuomba ni bure. Kijana ajiandikishe pia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kwenye kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Ukitaka fedha ya kweli ya ualimu nje, iko kwenye shule za kimataifa, na zinatafuta mwenye leseni, uzoefu wa darasani na somo kama Fizikia au Hisabati. Huyo hatafutiwi na wakala wa milioni nne.

Kwa serikali nina ombi moja: sheria ya huduma za ajira ya 1999 inataka wakala binafsi awe na leseni, basi orodha ya wenye leseni ibandikwe kila halmashauri na kila chuo, mpaka Kasulu na Kabanga. Leo mzazi wa Urambo ataijulia wapi?

Mzazi wangu wa Urambo, shikamoo. AMCOS ikilipa, usimpe wakala hata shilingi. Mwambie kijana adai vitu vitatu kwa maandishi: jina na simu ya shule, nani analipia kibali cha kazi, na viza ya kazi kabla ya kupanda ndege. Shule apige mwenyewe, asitumie namba aliyopewa na wakala. Halafu aulize ofisi ya serikali inayosimamia kazi na ajira kama huyo wakala ana leseni. Wakala akikataa kutoa hata kimoja, mazungumzo yameisha hapo. Akivitoa vyote, kijana aje navyo mjini, tukae tuvisome mstari kwa mstari kabla hajasaini.