Kiwanja cha mteremko Goba, mvua inaondoka na udongo, permakacha nianzie wapi?

kijana_wa_goba: Wakuu habari za mchana. Nina kanyumba kangu huku Goba, Dar, kiwanja kimekaa mteremko, masika ikipiga udongo wote unaishia kwa jirani wa chini na ameshaanza kuninunia. Fundi anasema nimwage zege uwanja mzima yaishe ila mi nataka miti na mboga, nimeona video za permakacha, kile kilimo cha kuiga mpangilio wa asili, wanachimba mitaro kila mahali, sa sijui naanza na mitaro, miti au mboga?

mzee_jembe: Achana na zege mkuu, hapo ndo utamshushia jirani maji kwa kasi zaidi. Anza na maji, mengine yatafuata. Mvua ikinyesha toka na mwamvuli wako uangalie yanaingilia wapi na yanatokea wapi, afu piga hesabu ya paa: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, so paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 20 ni lita 2,000 hizo, weka gata na tanki. Yanayobaki yachimbie makinga maji, yaani mitaro ya kukatiza mteremko. Tengeneza fremu A, fito tatu na kamba yenye jiwe, ndo inakuonyesha mstari wa usawa wa kuchimba mtaro, udongo tupa upande wa juu kama matuta ya fanya juu ya Machakos kule Kenya, kwenye tuta panda majani ya tembo au nyasi za vetiva. Na uache pa kutokea maji, kinga likijaa bila njia linapasuka unalia.

fundi_msingi: Naongezea, usichimbe mtaro wa kuzamisha maji juu ya nyumba karibu na msingi, wala jirani na shimo la choo. Video haziwaambii hayo.

mangi_wa_kihamba: 😂😂 Sisi watu wa Marangu, Kilimanjaro, tukisoma permakacha tunacheka tu. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la babu, ni migomba juu, kahawa kwenye kivuli chake, magimbi palipo na unyevu, ng'ombe yuko zizini anakula majani ya migomba, samadi inarudi palepale, maji yanakuja kwa mfongo, mfereji wetu wa asili. Ila Goba si Marangu, kahawa sahau, weka mwembe na mpapai. Mchicha na matembele viwe mlango wa jikoni kabisa, bustani ikiwa kona ya mbali huiendi, nakwambia. Maji ya bafuni yaelekeze kwenye shimo lililojaa takataka za majani, kuzunguka shimo panda migomba, lakini yasiguse mboga.

kijana_wa_goba: Asanteni sana wakuu. Na matandazo, yale majani ya kufunika udongo, si yataniletea mchwa ndani?

mzee_jembe: Yasiguse ukuta tu, acha kama hatua moja ya udongo mtupu uwe unawaona wakijenga njia. Huyo jirani muite siku ya kuchimba, mtaro wa mwisho ukae mpakani mchimbe wote.