Mliosaidia watu kuchukua kura hapa Mombasa, tupeane uzoefu

Mjukuu wa Majengo

Habari zenu jamani. Tangu IEBC, ile tume ya uchaguzi, wafungue tena usajili wa wapiga kura kwenye ofisi za maeneo bunge tarehe 29 Septemba 2025, kuna watu mitaani wamejitolea, bila mshahara bila nauli, wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani hajachukua kura, yaani hajajiandikisha kuwa mpiga kura. Mimi ni mmoja wao, huku Majengo. Kila siku nasikia ati vijana wa Mombasa hawajali, wao ni muguka na maskani tu. Si kweli. Ukikaa na mtu ukamuuliza pole pole unakuta hana kitambulisho, ama anacho kimepotea, ama ofisi haijui iko upande gani, ama ni mtu wa kibarua na akikosa siku moja nyumbani hakupikwi. Mwaka 2022 kaunti yetu ilikuwa na wapiga kura 641,913 na siku ya kura hata nusu hatukufika, wakati nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 65. Mimi yaniuma sana. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama umesaidia hata mtu mmoja, sema ulifanyaje, nini kilikubali na nini kiligoma.

Binti Mtongwe

Sisi tulianzia kwenye chama cha akina mama, wale wa kuchangiana kila Jumamosi. Tukauliza tu nani ana kura, tukashangaa, wengi hawana na shida ilikuwa kitambulisho. Wengine walipiga picha wakapewa ile karatasi ya kusubiri wakasubiri mpaka wakasahau. Basi tukaenda kwa chifu na mzee wa mtaa tukaomba tuangalie vilivyofika havijachukuliwa. Wallahi vilikuwa kwenye boksi la viatu, vimefungwa kwa mipira mafungu mafungu, vingine vina vumbi. Mzee akawa asoma majina sisi twaitikia, huyu ni mtoto wa fulani, huyu ameolewa Ukunda, huyu yuko hapo nyuma achoma samaki, kimbieni mkamuite. Dada mmoja alikishika akakigeuza geuza akasema picha hii nilikuwa sijazaa bado. Siku hiyo hiyo hatukumwacha arudi nyumbani, tulimpeleka moja kwa moja kuandikishwa. Nawashauri hivi, mtu akishapata kitambulisho usimwambie utaenda kesho, nenda naye.

Bi Kibokoni

Mtongwe mwashukuru nyinyi vilikuwa vimefika. Huku Mji wa Kale watoto wetu walikuwa hata kuomba kitambulisho hawakubaliwi mpaka wakae mbele ya kamati waulizwe babu alizaliwa wapi, lete cheti cha bibi, lete hati ya nyumba. Mtoto amezaliwa hapa, mamake nimemjua tangu yuko mdogo, kasoma hapa, anaulizwa kama mgeni. Februari 2025 rais alisema mambo ya vetting, huko kuhojiwa na kamati, yamekwisha, na kweli imepungua, lakini kuna dirisha moja, sitalitaja, kijana wa jirani yangu alirudishwa ati akalete kitambulisho cha babu na babu alikufa zamani. Nilivaa buibui langu nikaenda naye. Sikugomba. Nilikaa pale nikamwambia yule afisa mwanangu mimi nina subira, niandikie kwenye karatasi ni sheria gani yataka cha babu nipeleke kwa wakili. Akachukua fomu. Kwa hivyo wazee wenzangu, tusiwaachie vijana peke yao, mtu mzima akikaa pale kwenye benchi mambo huenda tofauti.

Mwana wa Bahari

Nami niongeze. Mimi ni Mpemba, tumezaliwa pwani hii hii na tulikuwa hatuna karatasi yoyote mpaka 2023 serikali ilipotutambua kuwa ni raia, wenzetu Wamakonde walitangulia mwisho wa 2016 na 2017 wakapiga kura. Mjomba wangu amevua samaki maisha yake yote, leseni alikuwa akitumia jina la mtu, simu kasajiliwa na mtu. Tulipomleta kuandikishwa ile mashine ikakataa vidole vyake. Wavuvi watanielewa, mshipi na kamba za nanga zinamaliza ngozi, vidole viko laini kama sahani. Karani, Mungu ambariki, hakumfukuza. Akampa kitambaa akapangusa, akajaribu kidole hiki, akajaribu kile, akamwambia mzee pumzika kidogo tutajaribu tena, na safari hii wanapiga picha macho pia kwa hivyo hata vidole vikisumbua kuna jengine. Ikakubali. Mjomba akauliza je na mimi sasa naweza kumkataa mtu? Nikamwambia ndiyo ami, waweza.

Mikindani Juu

Wacha niseme yangu. Nina ulemavu wa miguu natumia kiti cha magurudumu na niko kwenye kikundi cha walemavu huku Jomvu. Tulipeleka wenzetu kuandikishwa pahali fulani tukakuta meza iko ghorofa ya kwanza, ngazi tupu, lifti hakuna. Vijana wakataka kutubeba. Nikakataa, si kiburi, mtu mzima hubebwi kama gunia mbele za watu. Kifungu cha 54 cha katiba kinasema tuna haki ya kufika kila pahali, kwa hivyo tukaomba mashine ishuke. Walishusha, ilichukua muda lakini walishusha, na wiki iliyofuata tulipopiga simu mapema walikuwa wameshaweka meza chini. Kwa hivyo pigeni simu kabla. Na kwa wenzetu viziwi nendeni na mtu anayejua lugha ya ishara kabisa, usitegemee kumkuta huko, mmoja wetu aliandikiwa jina la babake vibaya kwa sababu karani alikuwa akikisia. Pia waambieni vipofu kwamba siku ya kura unachagua mwenyewe mtu wa kukusaidia, awe na miaka 18 kuendelea, na huyo mtu anaruhusiwa kusaidia mpiga kura mmoja tu.

Mwanachuo Tudor

Sisi pale chuoni watu wameshaandikishwa, lakini kura zao ziko Kitui, ziko Taita, ziko Kisii. Agosti ikifika hana nauli ya kwenda huko so hapigi. Tunachofanya ni kuwaelezea kuhamisha, unaenda na kitambulisho ofisi ya eneo bunge unalotaka kupigia, kwetu ni Mvita, unajaza fomu basi. Nasisitiza KUHAMISHA, usijiandikishe upya kana kwamba hujawahi, kuandikishwa mara mbili ni kosa la jinai na kuna wenzetu walikuwa wanaona ni kitu kidogo tu.

Kijana wa Junda

Mimi niwe mkweli, nimewasoma wote na bado sioni. Tumepiga kura miaka yote maji ya mfereji hatuna, twanunua ya mkokoteni. Kura yangu itafanya nini?

Dereva wa Bamburi

Braza nakuelewa, na mimi abiria wangu wengi huniambia hivyo hivyo. Lakini fikiria siku ya kura wewe unachagua watu sita, si rais peke yake. Kuna MCA, mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, na kaunti yetu wodi ziko 30, ni mtu anayekaa mtaani kwenu ukimtaka unamjua mlango, na mambo ya maji yako kaunti. Kiti cha wodi kura chache zinakihamisha. Mimi ni wa tuktuk, saa za mchana kazi ikiwa baridi nabeba watu watatu kutoka stejini mpaka ofisi ya Kisauni na kuwarudisha, mafuta twachangishana hapo stejini. Masharti yangu ni mawili. Kofia na tisheti ya chama hauingii nayo kwa tuktuk yangu, hata uwe rafiki yangu. La pili, sishiki kitambulisho cha mtu hata dakika moja, kwa sababu kuna watu wanapita wanakusanya vitambulisho ati watawasaidia, wengine wananunua kabisa, na mama akishaona hivyo hawezi kukuamini tena. Chako kaa nacho mkononi mpaka karani akikuomba.

Kijana wa Junda

Sawa. Wewe unatoka stejini saa ngapi?

Dereva wa Bamburi

Alhamisi saa tano asubuhi, pale Kiembeni. Kuja na kitambulisho chenyewe si kopi. Kama una mama ama dada mlete, nafasi mbili ziko.

Binti Mtongwe

Na upande wa Likoni kama kuna mwenye tuktuk ama gari aniandikie, tuna wakina mama saba vitambulisho vimetoka juzi, watatu wana watoto wachanga na foleni ya jua hawaiwezi.

Mjukuu wa Majengo

Binti Mtongwe nimekuandikia inbox. Ndugu yangu ana probox, Ijumaa hafanyi kazi, atawabeba asubuhi kabla ya swala.